Mwongozo Kamili wa Kupanda Daladala Dar es Salaam na Kushuka Ukiwa na Chenji Yako

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayehamia Dar es Salaam akitokea mahali ambako gari la abiria huondoka kwa saa, na pia kwa mwenyeji aliyezoea kuendesha gari lake mwenyewe na sasa, kwa sababu ambazo hatutamuuliza, amerudi kituoni. Hauhusu mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria mwezi Mei 2016 katika Barabara ya Morogoro, kwa kuwa kule nauli hulipwa kabla ya kupanda na ndani ya basi hakuna konda wa kubishana naye. Unahusu daladala, usafiri wa watu binafsi ulioruhusiwa rasmi mwaka 1983, baada ya mabasi ya UDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1974, kushindwa kuwatosha wakazi wa jiji. Jina lake lilitokana na makondakta waliokuwa wakinadi nauli ya shilingi 5, sarafu ambayo mitaani iliitwa dala. Sarafu hiyo haimo tena mifukoni mwa watu, lakini kunadi kumebaki palepale.

Hatua ya kwanza: Elewa hesabu kabla ya kuelewa ruti

Mgeni huanza kwa kuuliza gari gani linakwenda wapi. Swali hilo ni zuri, ila si la kwanza. Swali la kwanza ni kwa nini gari linafanya vile linavyofanya, na jibu lake ni neno moja, nalo ni hesabu. Mwenye gari humkabidhi dereva chombo alfajiri, na usiku hutarajia kupokea kiasi walichokubaliana, bila kujali kwamba siku hiyo ilinyesha mvua, kulikuwa na msafara wa viongozi, au tairi lilipasuka mara mbili. Mafuta hutoka katika makusanyo ya siku, na kinachobaki baada ya mafuta na hesabu ya bosi ndicho dereva na konda hugawana. Kwa hiyo abiria wa asubuhi humlipia bosi, abiria wa mchana hulipia mafuta, na wewe unayepanda jioni ndiye unayelipia ugali wa watu wawili waliokaa barabarani tangu saa 11 alfajiri.

Ukilishika jambo hilo, mengi yaliyokuwa yakikukera yatabaki yanakukera, lakini hayatakushangaza tena. Utaelewa kwa nini gari lenye nafasi tatu husimama kituoni dakika ishirini likisubiri watu watatu, halafu likiisha kuwapata hukimbia kana kwamba limeiba. Utaelewa kwa nini konda huwazuia wanafunzi mlangoni kwa mkono mmoja huku kwa mkono wa pili akiwavuta watu wazima, kwani mwanafunzi hulipa nauli pungufu na siti yake haipungui ukubwa. Utaelewa pia kwa nini dereva uliyepanda naye si lazima awe dereva utakayeshuka naye: dereva wa kudumu akichoka humpisha deiwaka, yaani dereva wa kibarua, apige ruti mbili tatu, na deiwaka huyo naye ana hesabu yake ndogo ndani ya ile hesabu kubwa. Deiwaka utamtambua kwa jinsi anavyotafuta gia ya pili.

Hatua ya pili: Amini maandishi, usiamini sauti

Kila daladala halali limeandikwa ruti yake mbele na ubavuni, na lina mkanda wa rangi unaolingana na ruti hiyo. Maandishi hayo hufuata leseni iliyotolewa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Maneno yanayotoka mlangoni ni suala jingine kabisa. Mpiga debe anayekuita na kukushika begi si mfanyakazi wa gari. Hulipwa na konda kwa kujaza, na akisha kulipwa hahusiki tena na wewe wala na mahali uendako. Akikwambia "gari inaondoka sasa hivi," chukulia kuwa ameeleza matumaini yake tu. Tazama badala yake kama dereva yuko kwenye usukani. Kama kiti cha dereva kiko wazi na kuna mtu upande wa pili wa barabara anayekula chipsi mayai kwa utulivu, huyo ndiye dereva wako.

Chunguza pia abiria waliokwisha kuketi. Baadhi yao si abiria, bali ni vijana wa kituoni waliokaa ili gari lionekane linakaribia kujaa. Utawajua kwa kuwa hawana mzigo wowote, wamekaa karibu na mlango, na hawana wasiwasi na muda. Injini ikiwaka watateremka mmoja mmoja kama watu waliokumbuka jambo.

Kuhusu majina ya vituo, mgeni asiogope. Katika jiji hili unaweza kupita Argentina ukiwa Manzese, ukapita Morocco ukielekea Mwenge, na ukasikia konda akitangaza Mombasa huku bado uko Ukonga na huna pasipoti. Ukitaka kushuka Rangi Tatu, usitafute rangi yoyote, tafuta Mbagala.

Hatua ya tatu: Pata siti kwa njia ya amani, yaani kwa kurudi nyuma

Njia ya kawaida ya kupata siti saa 12 jioni ni kukimbia pembeni mwa gari kabla halijasimama, kulenga mlango kwa bega, na kurusha leso au mkoba kupitia dirishani ili uweke alama ya umiliki. Sitaeleza njia hiyo kwa kirefu kwa sababu haihitaji maelezo, inahitaji mazoezi. Nitasema tu kwamba leso iliyorushwa dirishani hutambuliwa na watu waungwana, na watu waungwana saa hiyo huwa bado wako nje.

Njia ya mtu mwenye akili ni kugeuza. Badala ya kusubiri pale ambapo kila mtu anasubiri, unavuka barabara, unapanda daladala lilelile likiwa linakuja mjini karibu tupu, unakaa kwenye siti uliyoichagua kwa raha zako, unakwenda nalo hadi mwisho wa ruti, kisha unageuka nalo huku wengine wakipigana mlangoni. Ni safari ya kwenda mbali na nyumbani ili uweze kufika nyumbani ukiwa umekaa, na maelfu ya watu hufanya hivyo kila jioni bila kuona ajabu yoyote. Kuna masharti matatu. La kwanza, jiandae kulipa nauli mbili, kwa sababu konda anayejua kazi yake atasema "anayegeuza alipe" kabla hujakaa sawasawa. La pili, kaa ndani kabisa, kwani mwisho wa ruti umati huingia kwa mlango na aliye karibu nao husukumwa hadi akajikuta amesimama kwenye gari alilogeuza nalo, jambo ambalo nimelishuhudia na ambalo halina faraja. La tatu, uliza kwa sauti kama gari linageuza kweli. Dereva anayekwenda gereji au anayewahi kulaza gari hatakutangazia.

Hatua ya nne: Chagua upande kwa kufuata jua

Hapa ndipo wenyeji wengi waliozaliwa jijini hufanya makosa hadi leo. Daladala halina kiyoyozi, na kioo kilicho upande wako ama hakifunguki ama hakifungi, kwa hiyo upande wa jua ndio utakaoamua utafika kazini ukiwa na hali gani. Hesabu yake ni rahisi. Mbagala iko kusini mwa mjini. Asubuhi unaelekea kaskazini, jua likitoka mashariki linakuwa kulia kwako. Jioni unarudi kusini, jua limehamia magharibi, na magharibi nayo sasa iko kulia kwako. Mtu wa Mbagala, basi, akae kushoto asubuhi na jioni, upande wa mlango. Mtu wa Tegeta na Bunju hali yake ni kinyume: huja mjini akielekea kusini na kurudi akielekea kaskazini, kwa hiyo jua humfuata kushoto safari zote mbili na yampasa akae kulia, nyuma ya dereva. Wapo watu wa Mbagala ambao wamekaa kulia kwa miaka kumi na tano na wana mkono mmoja mweusi kuliko mwenzake.

Ukisha chagua upande, epuka siti iliyo juu ya tairi, ambayo hukulazimisha kusafiri magoti yakiwa usawa wa kidevu, na epuka ile ya nyuma kabisa, ambayo konda ameamua kwamba wanakaa watano. Kwenye kila tuta watano hao huruka pamoja na kurudi chini kwa mpangilio tofauti. Pale mbele kwenye Coaster, juu ya boneti ya injini, huwekwa mto na abiria huambiwa ni nafasi. Ni nafasi kweli, ila inapika.

Hatua ya tano: Kusimama

Ukikosa siti, simama katikati ya gari, si mlangoni. Konda atasema "sogeeni nyuma, kule nyuma kweupe," na hata kama huoni weupe wowote, sogea, kwa kuwa aliye mlangoni hushuka na kupanda upya katika kila kituo kama mfanyakazi asiyelipwa. Vaa begi tumboni. Simu isikae mfuko wa nyuma wala mkononi karibu na dirisha, hasa gari likiwa kwenye foleni, maana kibaka anayepita kwa miguu wakati huo ana mwendo mkubwa kuliko gari. Maandishi ya "Abiria chunga mzigo wako" yaliyobandikwa juu ya kioo yana maana ya kisheria pia: ukiibiwa, uliambiwa.

Mbele ya askari wa usalama barabarani konda anaweza kuwaomba waliosimama wachuchumae kidogo. Watu wazima wenye suti na wenye vitenge vya harusi huinama wote kwa pamoja, wakapita mbele ya trafiki wakiwa kimya, kisha wakainuka na kuendelea na mazungumzo yao pale yalipoishia. Ushauri wangu ni kutokuchuchumaa, kwa sababu gari likipiga breki ghafla wakati huo huna cha kushika. Nakiri hata hivyo kwamba ukibaki umesimama peke yako, abiria wenzako watakuangalia kama msaliti.

Hatua ya sita: Nauli na chenji

Toa nauli kamili. Ningeweza kuishia hapo, na mtu atakayezingatia sentensi hiyo moja hatahitaji kusoma aya mbili zinazofuata. Kila jioni tenga sarafu za kesho: za shilingi 100, 200 na 500. Ijue nauli elekezi ya ruti yako kabla ya kupanda, na uitoe bila kuuliza "shilingi ngapi," kwa sababu anayeuliza amejitambulisha kuwa ni mgeni. Usitoe noti ya shilingi 10,000 asubuhi isipokuwa umedhamiria kufahamiana na konda kwa muda mrefu. Ukitoa noti yoyote kubwa kuliko nauli, utaambiwa "chenji utapewa ukishuka," na tangu hapo jukumu la kukumbuka ni lako. Konda ana abiria arobaini na wewe una konda mmoja. Anza kuidai vituo viwili kabla, kwa upole, kwa kumwita "kaka konda," kisha kituo kimoja kabla, bila "kaka."

Jambo linalowatesa wageni kuliko yote ni chenji ya ubia. Siku moja nilipanda Buguruni kuelekea Ubungo, nauli ya ruti ile wakati huo ikiwa shilingi 500, nikatoa noti ya 1,000. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu, mwenye ndoo ya dagaa mapajani, naye alitoa noti ya 1,000. Konda akatuangalia wote wawili, akatoa noti moja ya 1,000 katikati ya vidole vyake, akampa yule mama na kusema, "Gawaneni na huyo braza." Kwa hesabu alikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba mama alikuwa anashuka External na mimi nashuka Riverside, kituo cha mbele yake, na hapakuwa na mtu ndani ya gari lile mwenye sarafu ya 500 au aliyekuwa tayari kukiri kuwa anayo. "Shikamoo mama," nilisema, kwa kuwa ubia wowote huanza kwa salamu. "Marahaba, mwanangu. Sasa tunafanyaje?" Tukashuka wote External. Muuza karanga hakukubali kuchenji bila kuuza, hivyo tukanunua karanga za shilingi 200 kila mmoja, tukarudishiwa 600, tukagawana 300 kwa 300 juu ya kifuniko cha ndoo ya dagaa, tukaagana kama ndugu. Nilitembea kwa miguu hadi Riverside nikila karanga ambazo sikuwa nimezihitaji. Tangu hapo, konda akianza kuangalia watu wawili kwa zamu, mimi huangalia nje.

Hatua ya saba: Ruti inapokatishwa

Gari limeandikwa Gongo la Mboto. Limefika Banana, konda anagonga bati na kutangaza: "Mwisho wa gari! Pandeni hiyo ya mbele, nimeshamalizana naye." Huku ndiko kufaulishwa. Kumbuka hatua ya kwanza: dereva amehesabu kwamba abiria kumi waliobaki ndani hawalipi muda wa kufika mwisho, ilhali upande wa pili wa barabara kuna umati unaotaka kurudi mjini sasa hivi.

Kukatisha ruti ni kukiuka masharti ya leseni, na unayo haki ya kulalamika LATRA ukiwa na namba za gari, zile zilizo kwenye kibao cheupe. Zipige picha mapema, kwa sababu gari likisha kugeuka utaona vumbi. Lakini kwa jioni hiyohiyo, dawa inayofanya kazi ni moja: usishuke peke yako. Shuka pamoja na konda, mkono wako ukiwa karibu na fulana yake, mwende naye hadi kwenye mlango wa hilo gari la pili, na asiondoke mpaka konda wa pili akubali kwa mdomo wake kwamba mmelipiwa. Neno "nimeshamalizana naye" mara nyingi huwa habari mpya kwa huyo anayetajwa. Ukikosa kuwahi, dai sehemu ya nauli irudishwe, na udai pamoja na wenzako, kwani abiria mmoja ni kelele lakini abiria kumi ni kikao.

Siku za mvua

Wakati wa masika, Mto Msimbazi ukijaa, maji hupanda Jangwani na Barabara ya Morogoro hufungwa hapo, na jiji zima huhamia kwenye Barabara ya Mandela na ile ya Ali Hassan Mwinyi. Siku hiyo usihesabu muda wa safari kwa saa. Hesabu kwa milo. Kula kabla ya kutoka, beba kitu kisichopitisha maji cha kufungia simu, na ujue kwamba kile kioo kilichokataa kufungwa juzi ndicho kitakachokuwa upande wako. Daladala huadimika, na yanayopatikana hupandisha nauli papo hapo kwa hoja kwamba barabara ni mbovu. Siku hizo konda hutoa chenji haraka sana, na sijawahi kuelewa kwa nini.

Hatua ya mwisho: Kushuka

Kushuka huanza vituo viwili kabla, kwa kusogea. Konda atauliza, kwa mfano, "Tazara yupo?" na wewe, ambaye ndiye huyo mtu wa Tazara, unapaswa kujibu "Yupo!" kana kwamba unamzungumzia jirani. Ukijibu "nipo" utaeleweka, ila watu watageuka kukutazama. Ukinyamaza, konda atasema "Hakuna, twende!" na utashukia kituo kinachofuata ukiwa na muda wa kutafakari sarufi. Kama hasemi chochote, piga kelele ya neno moja, "Shusha!", tena mapema, kwa kuwa dereva husikiliza zaidi muziki.

Gari likikaribia kusimama, konda atakuhimiza utangulize mguu wa kushoto. Ushauri huo una mantiki: mlango uko kushoto, na anayetanguliza mguu wa kushoto hushuka akitazama mbele, kule gari linakoelekea, hivyo likisogea hatua mbili naye hukimbia nalo badala ya kuanguka chali. Hata hivyo ni ushauri wa gari ambalo halijasimama, na jibu lake sahihi ni kushika bomba na kusema "simamisha kwanza," ukabaki hapo hadi magurudumu yatulie. Wakupigie kelele. Wenye mtoto mgongoni, wazee na waliobeba ndoo wasikubali kabisa kuteremka gari likitembea.

Chini, kabla gari halijaondoka, kagua simu, chenji, begi, na viatu vyote viwili. Hilo la viatu silisemi kwa mzaha. Miaka niliyokuwa nikiishi Gongo la Mboto, nilishuka Tazara asubuhi moja kupitia katikati ya miguu ya watu, na kandambili yangu ya kulia ikabaki chini ya mtu fulani na kuendelea na safari. Jioni, kwa bahati, nikapanda gari lilelile. Konda alinikumbuka, akaitoa chini ya siti yake na kunieleza kwamba ilikwenda hadi mjini, ikageuza, ikafika Gongo la Mboto mwisho wa ruti na kurudi, jambo ambalo mimi mwenyewe wiki hiyo sikuwa nimelifanikisha hata mara moja bila kufaulishwa. Kisha akanidai nauli yake. Nikatoa noti ya 1,000, naye akaniambia chenji nitapewa nikishuka.